Zamu Hii ni ya Nani?



Karatasi ya zamu inapobandikwa ukutani kazini, huandikwa jina moja tu kwenye mstari, nalo ni jina la mfanyakazi. Jina la mkewe halimo, wala la mumewe, wala la mtoto wa darasa la pili anayeuliza kila jioni baba yuko wapi. Hata hivyo wote hao wataifanya zamu hiyo. Watakula kwa saa zake, watalala kwa saa zake, na mchana watanyamaza kwa sababu yake. Basi tuna swali ambalo huonekana ni la ofisini, kumbe ni la nyumbani: je, saa unazouza ni zako peke yako?

Wengi watajibu upesi. Ni zangu, kwa maana mwili unaochoka ni wangu, na mshahara nauleta nyumbani. Jibu hilo lina ukweli ndani yake na halifai kudharauliwa. Lakini siku ile mlipoahidiana mbele ya altare, hamkupeana mishahara. Mlipeana nafsi zenu, na mwanadamu hana namna ya kumpa mwenzake nafsi yake isipokuwa kwa kumpa saa za siku zake. Anayeuza saa hizo bila kumwuliza mwenzake anauza kitu ambacho nusu yake alikwisha kukitoa.

Mtume Paulo, katika waraka wa kwanza kwa Wakorintho sura ya 7, anawafundisha watu wa ndoa wasinyimane, ila kwa mapatano, tena kwa muda tu, wapate nafasi ya kusali, kisha warudiane. Sisi huyasoma maneno hayo tukifikiria kitanda peke yake. Lakini tazameni jinsi Mtume alivyo mwangalifu. Hata sala, ambayo ni jambo jema kuliko yote, haimpi mume ruhusa ya kujitenga kwa amri yake mwenyewe. Ni lazima wapatane, wajue mwisho wake, na baadaye wakutane tena. Kama sala imewekewa masharti hayo, je, ovataimu iwekewe masharti mepesi zaidi?

Hebu tuanze na hesabu, kwa sababu mara nyingi watu hugombana juu ya zamu bila kuijua. Tuseme mume ni bawabu katika mtaa wa matajiri. Huingia kazini saa kumi na mbili jioni na kutoka saa kumi na mbili asubuhi. Kwa kuwa huenda kwa miguu ili kuokoa nauli, huondoka nyumbani saa kumi na moja jioni na kurudi saa moja asubuhi. Mke anashona nguo kiwandani. Hutoka nyumbani saa kumi na mbili unusu asubuhi na kurudi saa kumi na mbili unusu jioni. Sasa hesabuni. Mume afikapo, mke ameondoka nusu saa iliyopita. Mke arudipo, mume yuko langoni kwa tajiri. Kitanda chao hakipoi, lakini wao wenyewe hawaonani. Siku ya mapumziko ya mume imeangukia Jumatano, ya mke ni Jumapili. Jumatano jioni wanapata saa tatu na nusu kabla ya kulala. Jumapili mume hurudi na macho mekundu, akilala hadi saa nane mchana watabaki na saa tatu kabla hajaondoka tena. Jumla ni saa sita na nusu katika saa 168 za juma zima. Na hapo hatujatoa saa za kufua, kwenda sokoni na kuhudhuria jumuiya.

Hao si watu waovu. Hawajakosana, hakuna ulevi, hakuna mtu wa nje. Kila mmoja anafanya kazi halali na kuleta kila shilingi nyumbani. Ukiwauliza majirani watasema ni ndoa ya mfano. Lakini baada ya miaka mitano ya maisha hayo watakuwa kama wapangaji wawili wanaogawana chumba kimoja, na hawatajua ni nani aliyekosea, kwa maana hakuna aliyekosea.

Ndiyo sababu tunashauri msihesabu saa za kuwa nyumbani. Hesabuni saa za macho, yaani saa ambazo nyote wawili mko nyumbani na hakuna aliyelala. Mtu anayefanya kazi usiku husema, "Mbona mimi niko nyumbani mchana kutwa?" Ni kweli yuko, lakini yuko kama kabati lilivyo nyumbani. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na fimbo iliyolala chini ya kitanda nayo haiui. Chukueni karatasi, mchore siku saba, kila mmoja atie alama saa zake za macho, kisha mtazame alama zinakutana wapi. Wapo watakaoshangaa kuona kwamba zamu waliyoiogopa ina saa nyingi za kukutana kuliko ile waliyoitamani. Kwa mfano, zamu ya kiwandani ya saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nane mchana humwamsha mtu usiku wa manane, lakini humrudisha kabla watoto hawajatoka shuleni. Ile ya saa nane mchana hadi saa nne usiku hupendwa kwa sababu mtu hulala vizuri asubuhi, lakini kwa mwenye watoto wa shule ndiyo inayoiba zaidi. Watoto huondoka yeye akiwa amelala, na arudipo amewakuta wamelala. Mzazi wa namna hiyo anaweza kukaa Jumatatu hadi Ijumaa bila kusikia sauti ya mtoto wake, ingawa wanalala chini ya paa moja.

Na yule bawabu wetu, akibadilishiwa siku ya mapumziko tu, Jumatano ikawa Jumapili, bila kubadilisha zamu wala mshahara, atapata nini? Atarudi Jumapili asubuhi, alale hadi saa nane, kisha wawe pamoja hadi saa nne usiku. Hizo ni saa nane za mfululizo, watoto wakiwapo, na usiku wa kulala pamoja. Saa zimeongezeka kidogo tu, lakini ni kitu kizima badala ya vipande. Mazungumzo ya mume na mke hayaanzi kwa saa moja ya kwanza. Saa ya kwanza huliwa na gesi iliyoisha, karo ambayo bado, na habari za mgonjwa huko nyumbani kwa wazee. Lile lililo moyoni hutoka baadaye sana, vyombo vikiwa vimeoshwa na watoto wamelala, na aliye na saa tatu tu halifikii.

Sheria yetu ya Ajira ya mwaka 2007 humpa kila mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Haisemi ni siku gani. Hapo ndipo mahali pa kwanza pa kuombea, maana msimamizi anayekataa katakata kumtoa mtu katika zamu ya usiku huenda asikatae kubadilisha siku ya ofu, ikiwa kuna mwenzako aliye radhi mbadilishane. Amri ya jumla ya mishahara nayo huweka saa 52 za kazi kwa juma, na saa 60 kwa anayefanya kazi usiku, ingawa kazi nyingine, ulinzi ukiwamo, zina amri zake. Sijui aliyewapa watu wa usiku saa nyingi zaidi alifikiri usiku ni mfupi, au alifikiri mtu wa usiku anaketi tu. Hakika hakuwahi kulinda lango mwezi wa saba huko Limuru. Saa zinazozidi hapo ni ovataimu, na hulipwa mara moja na nusu ya malipo ya kawaida, au mara mbili ikiwa ni siku ya mapumziko au sikukuu. Yafaa mume na mke wote wawili wajue mambo hayo. Wengi huipoteza Jumapili ya familia kwa malipo ambayo hata si yale yaliyoamriwa.

Sasa tuje kwenye neno linalotumika kuliko yote katika jambo hili: "Nafanya kwa ajili yao." Ni neno zuri, na mara nyingi ni la kweli. Mama anayechuma majani ya chai Kericho na baba anayekesha bandarini Mombasa wanawafanyia watoto wao. Lakini neno hilo lina hatari moja. Likishasemwa, hakuna awezaye kulijibu. Mke akilalamika huonekana hana shukrani. Mtoto akilia huambiwa, "Unafikiri viatu hivyo vilitoka wapi?" Upendo unageuka kuwa deni, na walioukopa hawakuuomba.

Kuna njia ya kulipima neno hilo. Jiulize peke yako, mahali pasipo na mtu wa kukusikia: kama kesho mwajiri angenipa zamu ya mchana kwa mshahara huu huu, pasipo kupunguza hata shilingi, ningekubali? Kama moyo wako unaruka kwa furaha, basi ni kweli unafanya kwa ajili yao, na hiyo ni sadaka. Kama moyo unasita, ukaanza kutafuta sababu, kwamba usiku kuna utulivu, kwamba wenzako wa usiku mmezoeana, kwamba mchana kuna wakubwa wengi, basi shida si pesa. Huenda kuna kitu nyumbani unachokikimbia. Pengine ni ugomvi ambao haukumalizwa, au mgonjwa anayechosha, au kilio cha mtoto mchanga. Pengine kuna mwenzi ambaye hujui tena umwambie nini. Zamu ya usiku ni maficho mazuri sana, kwa sababu hakuna anayeweza kumlaumu mtu aliye kazini. Ukigundua hivyo usijihukumu kupita kiasi, lakini usiendelee kuiita sadaka. Hilo linataka mazungumzo na mwenzako, au na padre, au na wanandoa wakubwa mnaowaamini, na halitatibiwa na mwajiri.

Tuseme neno juu ya mapatano, kwa sababu wengi hudhani wamepatana kumbe wametangaza tu. Mume anavua viatu na kusema, "Wamenipeleka usiku kuanzia Jumatatu." Mke anasema, "Sawa." Hayo si mapatano, ni taarifa imepokewa. Mapatano ni pale ambapo aliyeulizwa angeweza kusema hapana, na hapana yake ingebadilisha kitu. Mama, nawe pia usinyamaze kwa miezi sita ukihesabu makosa moyoni, kisha uyamwage yote siku moja mbele ya mashemeji. Sema mapema, ukisema kwa hesabu ile ya saa za macho wala si kwa machozi peke yake. Na bwana akisikia, asidhani kwamba anaambiwa hafanyi kazi. Anaambiwa kwamba anatamaniwa, na hilo ni jambo la kushukuru.

Sharti la pili la Mtume ni muda. Zamu ngumu yenye mwisho unaojulikana hubebeka. Mpaka mkopo wa SACCO uishe. Mpaka mtoto wa kwanza amalize kidato cha nne. Andikeni mwezi na mwaka kwenye kalenda ya ukutani, mahali ambapo wote wanaona. Lakini jihadharini na ugonjwa mmoja. Mkopo wa ploti ukiisha, unachukuliwa mkopo wa kujenga. Ukiisha huo, unakuja wa pikipiki. Kila mmoja ni wa haki ukiutazama peke yake, na ukiitazama yote pamoja ni miaka kumi na minane, na yule mtoto wa darasa la pili sasa ana ndevu. Inapofika tarehe mliyoandika, ketini tena kama kwamba ndiyo mara ya kwanza mnaulizana. Mkiamua kuongeza, iwe ni uamuzi mpya, si mazoea.

Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, kinaagiza kwamba mwanamume aliyeoa karibuni asipelekwe vitani wala asitwikwe kazi yoyote ya taifa kwa mwaka mmoja, bali akae nyumbani amfurahishe mkewe. Fikirini: taifa zima lenye maadui pande zote liliona kwamba kuna mwaka ambao mume ni wa mke. Kwetu leo kijana hupewa siku nne za harusi, na siku ya tano yuko zamu ya usiku. Kwa hiyo tunawaambia hasa ninyi mliofunga ndoa juzijuzi: kama mna nafasi ya kuchagua hata kidogo, mwaka wa kwanza chagueni saa zinazokutana, hata kwa pesa pungufu. Sufuria za nyongeza zaweza kungoja. Tabia mtakazojifunza mwaka huo, jinsi ya kugombana na kupatana kabla ya kulala, hazifundishwi kwa simu.

Kuna wanandoa ambao kwa makusudi huchagua zamu za kupishana. Mmoja huingia mchana, mwingine usiku, ili daima mzazi mmoja awe na watoto na wasimlipe yaya. Hatuwalaumu. Mpango huo una baraka zake. Baba hujifunza kupika uji na kusuka nywele. Watoto humjua baba yao si kama jaji wa jioni bali kama mtu anayejua rafiki zao kwa majina. Familia nyingi za wauguzi na za watu wa viwandani zimelea hivyo, na watoto wamekua vyema. Lakini gharama yake hailipwi na watoto, hulipwa na ndoa. Wauguzi wanapobadilishana zamu hupeana ripoti kando ya kitanda cha mgonjwa: huyu amekunywa dawa, yule joto limepanda, kisha mmoja anaondoka. Wanandoa wa kupishana hatimaye hubaki na ripoti tu. Mtoto amekohoa. Maji yamekatika. Mwalimu anakuhitaji Alhamisi. Kwaheri. Mtu anaweza kuishi na ripoti kwa mwaka, hata miaka miwili. Lakini kama ndiyo njia mliyochagua, hapana budi muwe na siku moja isiyoguswa, siku ambayo hata mwenzako wa kazini akifiwa na mjomba hutakubali kumshikia zamu. Watu wema ndio wanaopoteza siku hiyo, kwa kuwa hawajui kukataa.

Hapa yatupasa kusema wazi juu ya haki kati ya mume na mke. Mume anayefanya kazi usiku akirudi, nyumba nzima hutembea polepole. Redio huzimwa, watoto hufukuzwa uani, jirani akigonga mlango huambiwa, "Baba amelala." Mke anayefanya kazi usiku akirudi, hukuta vyombo vya jana kwenye karai, mtoto ana homa, nguo za shule zinangoja kufuliwa, na mgeni kutoka mashambani ameketi sebuleni anataka chai. Analala saa mbili, tena na sikio moja wazi. Halafu jioni anakwenda kushika uhai wa watu wodini. Kama usingizi wa mchana wa mume ni mtakatifu, na wa mke uwe vivyo hivyo. Mume atakayefunga pazia, akawatoa watoto nje na kumwambia mama yake mwenyewe kwa heshima, "Mama, mkeo ametoka kazini, acha alale," amefanya jambo kubwa kuliko kumnunulia mkewe leso.

Tena kuna lile la kushuku. Mke wa zamu ya usiku husemwa na watu, na mume mwenye moyo mdogo husikiliza. Bwana, kama ulimkubalia kazi hiyo, umkubalie pamoja na saa zake. Kumsindikiza hadi kituo cha matatu na kumpokea alfajiri ni ulinzi. Kumpigia simu mara sita kwa usiku ili usikie sauti za nyuma ni utumwa.

Mwili nao una maneno yake. Aliyetuumba alitupa saa ndani ya mwili inayofuata jua. Waliochunguza jinsi saa hiyo inavyofanya kazi walipewa tuzo ya Nobeli ya tiba mwaka 2017. Usingizi wa mchana huwa mfupi na mwepesi hata kwa aliyezoea, na mwaka 2007, kisha tena mwaka 2019, shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliiweka kazi ya zamu za usiku miongoni mwa mambo ambayo huenda yakasababisha saratani. Hatusemi hayo kuwatisha. Hospitali haziwezi kufungwa usiku. Lakini msiyaite malipo ya usiku kuwa ni bure. Kama zamu zenu zinazunguka, ni nafuu kwa mwili zikienda mbele, asubuhi kisha mchana kisha usiku, kuliko kurudi nyuma. Na ninyi mnaofuata mpango wa uzazi wa asili mjue kwamba kipimo cha joto la mwili huvurugika kwa anayelala saa zisizo za kawaida, kwa hiyo waelezeni walimu wenu wa jimbo juu ya zamu zenu mapema. Mara nyingi watawaelekeza kwenye dalili nyingine. Uchovu hufanana sana na ubaridi wa mapenzi, na mwenzi mwenye subira hujifunza kutofautisha.

Huenda msomaji mmoja amefika hapa akicheka kwa uchungu. "Kuchagua zamu? Mimi ni kibarua. Nikikataa, kuna watu mia langoni." Ni kweli, na Kanisa halijawahi kukuambia kwamba kosa ni lako. Papa Leo XIII mwaka 1891, katika waraka wake juu ya hali ya wafanyakazi, alidai pumziko la Jumapili na saa zisizomvunja mtu. Yohane Paulo II mwaka 1981 alifundisha kwamba kazi ndiyo inayoiwezesha familia kuwapo, kwa hiyo kazi isigeuke kuwa adui yake. Na Hati ya Haki za Familia ya mwaka 1983 inataka kazi ipangwe kwa namna isiyowatenganisha watu wa nyumba moja. Maneno hayo hayakuandikwa kwa ajili ya kibarua. Yaliandikwa kwa ajili ya anayeandika karatasi ya zamu.

Na huyo mwandishi wa zamu mara nyingi ni mmoja wetu. Huketi kanisani kwenye benchi la tatu. Ni msimamizi katika shamba la maua la Naivasha, ambako kabla ya tarehe 14 Februari watu hukata na kufunga mawaridi hadi usiku ili wapendanao wa Ulaya wapeane, huku wakataji wenyewe hawana nafasi ya kula chakula cha jioni na wenzi wao. Au ni mkubwa wa wodi, au msimamizi wa ofisi ya simu jijini Nairobi inayowahudumia Wamarekani, ambako siku ya kazi huanza jua la kwetu likitua. Ndugu, si wewe uliyeamua Februari iwe na tarehe 14, wala New York iwe nyuma yetu kwa saa saba au nane. Lakini wewe ndiwe unayejua kwamba Wanjiru na Otieno wa karatasi yako ni watu wenye nyumba. Unaweza kuuliza ni nani ananyonyesha, maana Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri ampe mama huyo mahali na muda. Unaweza kuuliza ni nani mume wake yuko zamu hiyo hiyo au ile ya kupishana. Karatasi ikitoka wiki mbili mapema badala ya Ijumaa jioni, familia thelathini zitapata kupanga maisha yao, na kampuni haitapoteza hata senti.

Kwa wale ambao kweli hawana la kuchagua, bado kipo kipande kidogo cha uchaguzi. Kama chakula cha jioni hakiwezekani, chai ya asubuhi inawezekana, mmoja akitoka na mwingine akiingia. Dakika ishirini za kuketi, simu zikiwa chini. Misa ya Jumamosi jioni yatosha kwa amri ya Jumapili, na muuguzi aliye wodini Jumapili asubuhi hatendi dhambi. Wachungaji wa Bethlehemu walikuwa zamu ya usiku walipoletewa habari njema.

Limebaki jambo moja, nalo husahauliwa na sisi tunaodai haki zetu kwa sauti. Katika nyumba nyingi za wasomaji wetu, zamu za mume na mke zinawezekana kwa sababu kuna mtu wa tatu. Huyo msichana wa kazi huamka saa kumi na moja alfajiri kumtayarisha mtoto wa shule, na hulala baada ya baba wa zamu ya mchana kurudi saa nne usiku na kupashiwa chakula. Hiyo ni saa kumi na saba, na hana karatasi ukutani. Naye ni mfanyakazi mbele ya sheria ile ile ya mwaka 2007, yenye siku moja katika saba. Jumapili mnapokaa kwenye benchi, baba, mama na watoto, mmefurahi kwamba mwajiri hatimaye amewapa ofu zinazokutana, yeye yuko jikoni anachambua sukuma wiki ya mchana. Huenda ana mtoto wake mwenyewe anayelelewa na nyanya yake huko Kitui au Siaya. Mnapochora zile siku saba kwenye karatasi yenu, chorani na mstari wa kwake, mmwite, mumwulize angependa siku gani.